Ripoti ya maabara ya fizikia imerudi na wino mwekundu: tafuta ugonjwa ulikoanzia

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akirudishiwa ripoti, hutazama alama kwanza, kisha hukimbilia ukurasa wa mwisho, pale mhadhiri alipoandika "Kwa nini?" au "Fafanua". Huko ndiko dalili huonekana. Chanzo karibu kila mara kiko nyuma zaidi: kwenye grafu, kwenye jedwali, au mezani siku ya jaribio, kabla neno moja la ripoti halijaandikwa. Ndiyo maana kuandika upya hitimisho kwa lugha tamu hakuponyi kitu.

Hapa tunakwenda kama fundi: tunashika dalili, tunarudi nyuma hadi tulifikie tatizo. Mfano mkuu ni pendulamu ya kupimia g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, kwa sababu utaikuta karibu kila kozi ya kwanza, iwe uko Njoro, Maseno au Kakamega, na vifaa vyake ni uzi, gololi, stendi, rula ya mita na stopwochi tu. Ripoti yenyewe utaiandika kwa Kiingereza, lakini fikra zinazoibeba ni zilezile.

Thamani ya g imetoka mbali na ulivyotarajia

Usilaumu vifaa bado. Jiulize maswali mawili: g imepotoka upande gani, juu au chini? Na je, upotofu huo unabadilika ukibadilisha urefu wa uzi? Majibu ya maswali hayo hutenganisha magonjwa mengi.

Ukipata karibu 10.8 kwa kila urefu, hesabu ya mibembeo ndiyo yenye kasoro. Mwenzako alisema "moja" gololi ilipoanza safari, kwa hiyo alipofika "ishirini" ilikuwa imekamilisha mibembeo 19 tu. Wewe ukagawanya kwa 20. Kipindi, yaani muda wa mbembeo mmoja wa kwenda na kurudi, kimepungua kwa asilimia 5, na kwa kuwa g hutegemea mraba wa kipindi, imepanda kwa (20/19)², yaani karibu asilimia 11. Ukipata karibu 8.9, ni kinyume chake: mbembeo mmoja umezidi. Ukipata 39, umehesabu kwenda peke yake na kurudi peke yake, na kipindi chako ni nusu ya kile cha kweli.

Dawa ni kuhesabu kwa kushuka: tatu, mbili, moja, sifuri. Stopwochi ibonyezwe kwenye "sifuri", gololi inapopita mahali pa chini kabisa, si inapoachiliwa mkononi na si inapofika pembeni. Pale chini ndipo inapokwenda kasi zaidi, hivyo wakati wake wa kupita ni rahisi kuukamata. Kule pembeni inasita, na jicho halijui hasa ni lini imesimama. Weka alama ya chaki au kipande cha karatasi nyuma ya uzi ili nyote wawili mtazame mahali pamoja.

Ikiwa g iko chini na inapanda kadiri uzi unavyorefuka, huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Tazama namba hizi, zilizopatikana kwa gololi ya kipenyo cha sentimita 2:

| Urefu uliopimwa (m) | Muda wa mibembeo 20 (s) | g (m/s²) |
|---|---|---|
| 0.300 | 22.38 | 9.46 |
| 0.600 | 31.39 | 9.62 |
| 0.900 | 38.34 | 9.67 |

Urefu ulipimwa kutoka kwenye kibano hadi kwenye fundo, juu ya gololi. Urefu wa pendulamu hufika katikati ya gololi, kwa hiyo kila kipimo kimepungukiwa na sentimita 1. Katika uzi wa sentimita 30 upungufu huo ni zaidi ya asilimia 3. Katika uzi wa sentimita 90 ni asilimia 1 hivi. Ndiyo maana g inapanda polepole kuelekea thamani yake lakini haifiki.

Wengi hapa huchukua wastani wa zile g tatu, 9.58, na kuuandika kuwa jibu. Wastani huondoa makosa ya nasibu, yale yanayoyumba huku na huku. Kosa linalovuta upande mmoja kila mara halipunguzwi na wastani hata ukirudia mara mia. Chora grafu badala yake: mraba wa kipindi (T²) kwenye mhimili wima, urefu kwenye mhimili mlalo. Gradienti ni (3.675 − 1.252) ÷ (0.900 − 0.300) = 4.038 s²/m, na g ni 4π² ÷ 4.038, yaani 9.78. Zile sentimita zilizokosekana zimeusogeza mstari mzima bila kubadilisha mwinamo wake. Mstari unakata mhimili wima kwenye 0.04 s² badala ya sifuri, gawanya 0.04 kwa gradienti, upate 0.01 m. Hiyo ni nusu ya kipenyo cha gololi. Grafu imekuonyesha kosa lako na ukubwa wake, na aya moja ya majadiliano inayolieleza jambo hili ina thamani kuliko kurasa mbili za maneno ya jumla.

Ikiwa g iko chini kwa kiwango kilekile katika kila urefu, asilimia 3 hivi, chunguza ulivyoivuta gololi. Fomula ya T = 2π√(L/g), T ikiwa kipindi na L urefu, ni ya pembe ndogo. Ukiivuta hadi digrii 30, kipindi hurefuka kwa asilimia 1.7 na g hushuka kwa asilimia 3.4. Kwa digrii 10 kipindi hurefuka kwa asilimia 0.2 tu. Huhitaji kipimapembe: kwa uzi wa sentimita 60, digrii 10 ni kuivuta gololi sentimita 10 pembeni, basi.

Na ikiwa g haina mpangilio wowote, angalia mambo ya mezani. Uzi uliofungwa kwenye chuma cha stendi huteleza na kujizungusha, na urefu hubadilika kila gololi inapokwenda; ubane kati ya vipande viwili vya koki au mbao. Gololi inayochora duara badala ya kwenda na kurudi imesukumwa, iachilie tu. Kisumu, upepo wa ziwa huingia madirishani alasiri, na feni ya dari huwa imewashwa kwa ajili ya joto. Zima feni, funga dirisha la upande wako, kisha upime.

Umelinganisha na 9.81 na ukasema jaribio lina kasoro

Sekondari ulizoea kuweka g = 10 na kusonga mbele. Chuoni wengi huhamia 9.81 bila kuuliza ilitoka wapi. Thamani ya kawaida, 9.80665 m/s², ilikubaliwa kimataifa mwaka 1901, nayo inakaribiana na g ya latitudo ya digrii 45. Sisi tuko kwenye ikweta. Maseno imekaliwa na mstari wenyewe; Kisumu, Nakuru na Kakamega zote ziko chini ya nusu digrii kutoka hapo. Kwenye ikweta, usawa wa bahari, g ni 9.780. Dunia imefutuka kiunoni na inazunguka, na mambo yote mawili hupunguza g. Kisha kuna mwinuko: kila kilomita moja kwenda juu hupunguza takriban 0.003. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, Nakuru kwenye mita 1,850 hivi. Kwa hiyo thamani ya kulinganishia ni 9.78 Kisumu na 9.77 Nakuru, ukikadiria hadi nafasi mbili za desimali.

Je, tofauti ya 0.03 ina maana? Inategemea shaka ya kipimo chako, yaani kiasi ambacho kinaweza kuwa juu au chini ya ulichoandika. Ikiwa shaka ni 0.07, huwezi kutenganisha 9.78 na 9.81, na unapaswa kusema hivyo. Ikiwa umetumia uzi mrefu na kihisi cha mwanga na shaka yako ni 0.01, kulinganisha na 9.81 kutakufanya utafute kosa ambalo halipo.

Ugonjwa huu una ndugu zake. Maji ya Nakuru huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi, ya Kisumu kwenye 96 hivi, kwa kuwa kanieneo ya hewa iko chini ya ile ya pwani. Anayeandika "kipimajoto ni kibovu" kwa sababu hakikufika 100 amekisingizia kifaa kilichosema kweli.

Jibu limelingana na kitabu kabisa, na bado umepoteza alama

Hii ndiyo dalili inayouma zaidi, na mfano wake bora ni kasi ya sauti kwa mrija wa mwangwi (resonance tube). Umetumia uma wa sauti wa 512 Hz. Mlio mkubwa wa kwanza umesikika hewa ndani ya mrija ikiwa na urefu wa sentimita 16.1. Unazidisha: 4 × 0.161 × 512 = 330 m/s. Kitabu cha sekondari kilisema 330. Unaandika kwamba jaribio limefaulu.

Lakini chumba kilikuwa na nyuzi 30. Kasi ya sauti hewani ni takriban 331 + 0.6 × joto, kwa hiyo alasiri hiyo ilikuwa karibu 349. Ile 330 ni ya nyuzi sifuri. Umepata namba ya mahali penye barafu ukiwa Kisumu. Kilichotokea ni kwamba mawimbi hayaishii hasa mdomoni mwa mrija, hupita nje kidogo, kwa kiasi cha 0.6 ya nusu kipenyo cha ndani. Mrija wenye nusu kipenyo cha sentimita 1.5 huongezewa sentimita 0.9. Tafuta mlio wa pili, utakaokuwa karibu sentimita 50.2, kisha utoe: 50.2 − 16.1 = 34.1. Hiyo ni nusu ya urefu wa wimbi, na 2 × 0.341 × 512 inatoa 349. Ile ziada ya mdomoni imejifuta yenyewe kwa kutoa, kama nusu kipenyo cha gololi kilivyojifuta kwenye gradienti.

Andika joto la chumba kila siku ya maabara, hata mwongozo usipolitaja.

Mhadhiri ameandika "± iko wapi?"

Namba inayofuata alama ya ± hapa tunaiita shaka: kiasi ambacho kipimo kinaweza kuwa juu au chini ya ulichoandika. Matokeo yasiyo na shaka hayawezi kulinganishwa na chochote, na kwa maoni yetu hili ndilo pengo kubwa kuliko yote katika ripoti za mwaka wa kwanza.

Chukua ule uzi wa sentimita 30. Pima mibembeo 20 mara tatu: 22.31, 22.45, 22.38. Wastani ni 22.38. Toa ndogo kwenye kubwa na ugawanye kwa mbili: 0.07. Sasa gawanya vyote kwa 20: kipindi ni 1.119 ± 0.004 s, shaka ya asilimia 0.3 hivi. Kwenye g kipindi kimepigwa mraba, kwa hiyo asilimia hiyo inaongezwa maradufu, 0.6. Rula ina shaka ya milimita 1 katika 300, asilimia 0.3. Piga mraba kila moja, jumlisha, tafuta kipeo cha pili: asilimia 0.7. Kwa hiyo g = 9.46 ± 0.07.

Sasa soma namba hiyo. Inatofautiana na 9.78 kwa 0.32, zaidi ya mara nne ya shaka. Bahati mbaya ya kubonyeza haiwezi kueleza tofauti hiyo, kwa hiyo lazima kuna kosa linalovuta upande mmoja, na ndipo unaporudi kutazama ulivyopima urefu. Shaka ndiyo iliyokutuma huko. Ungeandika 9.46 peke yake, na "tofauti ya asilimia 3", usingejua kama asilimia 3 ni nyingi au kidogo.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika shaka ya 0.01 s kwa sababu stopwochi ya simu huonyesha desimali mbili. Simu inajua sehemu ya mia ya sekunde. Kidole chako hakijui, huchelewa karibu 0.2 s. Kwa kuwa huchelewa mwanzo na mwisho, sehemu kubwa hufutana, na kinachobaki ndicho kile mtawanyiko wa vipimo vitatu unachoonyesha. Hapo ndipo sababu ya mibembeo 20 inapoonekana: ungepima mbembeo mmoja tu, ile 0.07 yote ingekaa juu ya sekunde 1.12, na g ingekuwa na shaka ya asilimia 12 na zaidi.

Kuhusu desimali: shaka ipewe tarakimu moja, na jibu likatwe pale shaka inapoishia. 9.458234 ± 0.07 ni kalkuleta iliyonakiliwa.

Grafu imezungushiwa duara jekundu

Sababu huwa chache. Nukta zimeunganishwa moja hadi nyingine kama ramani ya barabara ya Mau Summit. Fizikia inataka mstari mmoja ulionyooka, nukta zikiwa pande zote mbili. Au mstari umelazimishwa kupita kwenye sifuri kwa sababu fomula inasema hivyo. Umeshaona kwamba mkato usio sifuri ndio uliotuambia habari za gololi, na kuulazimisha ni kuufuta ushahidi. Au pembetatu ya gradienti ni ndogo kama kucha; ichukue zaidi ya nusu ya mstari, na pembe zake ziwe juu ya mstari, si juu ya nukta ulizopima.

Kwa wanaotumia Excel kuna mtego mmoja mbaya: kuchagua aina ya Line badala ya Scatter. Line huziweka thamani za mhimili mlalo kwa nafasi sawa, hata kama urefu wako ulikuwa 0.30, 0.40, 0.70. Grafu inapendeza, gradienti ni ya uongo. Chagua Scatter, ongeza mstari wa mwelekeo, onyesha mlinganyo, kisha uandike upya mlinganyo huo ukiwa na vipimo vyake: 4.04 s²/m, si 4.0383 tupu.

Katika jaribio la volti (mhimili wima) na mkondo (mhimili mlalo), mstari ukipinda kuelekea juu, waya umepata joto na ukinzani wake umepanda. Funga saketi wakati wa kusoma tu, kisha fungua. Mstari ukinyooka lakini ukakata mbali na sifuri, angalia kama mshale wa ammita ulikaa kwenye sifuri kabla ya kuwasha.

Jedwali halisomeki

Karatasi ya tatu ya fizikia ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, hukupa jedwali lililochorwa tayari. Chuoni unalichora mwenyewe, na ni kawaida kutojua pa kuanzia. Kila safu iwe na jina, alama na kizio kichwani, kwa mfano urefu L (m), ili kizio kisirudiwe chini. Vipimo ghafi vikae: zile 22.31, 22.45 na 22.38 zote, si wastani peke yake. Na 0.300 isiandikwe 0.3, kwa sababu sifuri mbili za mwisho zinasema ulipima hadi milimita.

Majadiliano yanasema "makosa ya kibinadamu"

Maneno hayo hayamwambii msomaji chochote. Kosa gani, lilivuta upande gani, kwa kiasi gani? Ukitaja upepo, sema upepo huo ungekifanya nini kipindi, na kama namba zako zinaonyesha hivyo. Chanzo kisichoweza kutoa tofauti uliyoipata hakistahili aya. Ukinzani wa hewa, kwa mfano, hutajwa na kila mtu, lakini kwa gololi ndogo ya chuma athari yake kwenye kipindi ni ndogo mno kuweza kueleza upungufu wa asilimia 3.

Utaratibu nao ueleze kilichofanyika, kwa wakati uliopita. "Chukua uzi, ufunge" ni maneno ya mwongozo. Muhtasari uandike mwisho, ingawa unakaa mwanzo: sentensi nne au tano zenye namba ya mwisho na shaka yake ndani.

Vipimo vimenyooka mno

22.38, 22.38, 22.38. Mhadhiri aliyesoma ripoti mia anajua mkono wa mtu haufanyi hivyo, na atashuku zimetungwa au zimetolewa kwa kundi la mwaka jana. Wakati mwingine hazikutungwa: mwanafunzi alipima mara moja na akajaza nafasi zilizobaki, au alifuta kipimo "kibaya" kwa kifutio. Andika kwa kalamu ya wino. Kipimo ukikitilia shaka, kikate kwa mstari mmoja unaoacha namba ikisomeka, na sababu pembeni: "stopwochi ilibonyezwa mapema".

Umegundua kosa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi

Maabara imefungwa, na sasa unakumbuka ulipima hadi kwenye fundo. Usibadilishe namba za jedwali. Acha vipimo kama ulivyoviandika mezani, kisha andika kwenye majadiliano: urefu ulipimwa hadi juu ya gololi; kwa hiyo kila L imepungukiwa na 0.010 m, thamani za g za uzi mmoja mmoja ziko chini kwa sababu hiyo, gradienti haiathiriki, na g inayoripotiwa ni ile ya gradienti. Ikiwa ni mibembeo iliyohesabiwa vibaya, eleza unachoshuku, onyesha g ingekuwa ngapi kwa mibembeo 19, na useme wazi kwamba hilo ni dhana hadi jaribio lirudiwe. Kisha asubuhi, kabla ya kukabidhi, muulize msimamizi wa maabara kama kuna nafasi ya nusu saa: urefu mmoja, vipimo vitatu, ukianza na "sifuri", vinatosha kuithibitisha.